Kitanda kwa Kitanda

Haya alinisimulia mjukuu wangu Sikudhani, muuguzi wa wodi ya watoto, Jumapili iliyopita tukichambua mchele.

Mchana mmoja kompyuta ya wodi ilikuwa na safu mbili: uzito uliopimwa asubuhi, na dawa ya degedege kwa kila kilo, aliyoiandika daktari baada ya mvua iliyonyesha kabla ya adhuhuri. Ili ipate kipimo cha kila mtoto, ikazidisha kitanda kwa kitanda, cha kwanza kwa cha kwanza, cha pili kwa cha pili. Majina haiyajui.

Sikudhani alikwisha kumchoma sindano ya dawa hiyo mtoto wa kitanda cha kwanza. Ikizidi, humlaza mtoto asiamke. Akaja cha pili, akaushika mguu. Mwembamba.

"Mama Tunu, huyu ndiye wa kilo kumi na mbili?"

"Kumi na mbili! Labda umpime pamoja na mimi," mama akacheka. "Wangu ana tano, nesi. Paa lilivuja, tukahamishana vitanda."

"Lini?"

"Mlipomaliza kupima tu."

"Nani na nani?"

"Sote."

Sikudhani akaiweka sindano chini, akamwita daktari kwa kelele, akakimbilia kitanda cha kwanza. Mtoto alikuwa akimtazama.

"Usilale, baba, usilale," akambembeleza, akimtekenya unyayo.

Mtoto akacheka, akapiga miayo, akalala.