Ndama Asiye na Jina

Mavi yalikuwa mabichi. Mwalimu Matrida aliyatazama, akayatazama tena, maana macho yake yalikataa. Zizini kwa Dafroza, mjane aliyemjua kuwa hana hata kuku wa kumfukuza jikoni, kulikuwa na mavi ya ng'ombe ya asubuhi ile ile. Pembeni, ndama mwekundu amefungwa kwenye kigingi, anajilamba pua.

"Mama Nyangi, na huyu?"

"Ndama, mwalimu."

"Kwamba ni ndama naona. Anaitwaje?"

"Mwenyewe hajampa jina," Dafroza alijibu, macho chini.

Jibu gani hilo? Matrida alihisi damu inampanda kichwani.

Tangu astaafu ualimu, sebule yake pale Nyasho, mjini, imekuwa ndiyo ofisi ya kikundi chao cha kujitolea. Wanawasaidia mabinti wa vijijini wasio na pa kushika: sare, godoro, nauli ya kwenda shule. Na kanuni yao haina mjadala. Hawasikilizi maneno ya mtu, wanakwenda kutazama zizi lake. Mwenye ng'ombe auze, asomeshe. Asiye nao, kikundi kinambeba.

Kwa Dafroza walikuta zizi tupu, wakambeba binti yake Nyangi toka kidato cha kwanza. Naye binti hakuwaangusha. Amefaulu vizuri, kapangiwa kidato cha tano, masomo ya sayansi, na wiki ijayo anatakiwa aripoti bwenini. Asipofika, nafasi yake anapewa mwingine. Matrida alikuwa akimtaja kila mkutano, akimsifu kama amemzaa yeye.

Sasa mwaka huu mfuko umekauka. Kwa kata nzima ya Bugwema kikundi kinaweza kumbeba binti mmoja tu: Nyangi, au Adventina wa Baltazari.

Baltazari ni mwenzao katika kujitolea, ndiye anayempakia Matrida kwenye pikipiki huko vijijini, na hajawahi kuomba hata soda. Mtu muungwana. "Mimi sisemi neno, mwalimu, maana mwanangu yumo," alimwambia asubuhi. "Pita kwangu, pita na kwake. Utaamua mwenyewe." Kwake Matrida alikuta zizi kubwa, miti yake bado imara, lakini ndani mchicha umeota mpaka magotini. Ukame ulizimaliza ng'ombe zake zote, Baltazari alisema, na Matrida akamwonea huruma. Walipokuwa njiani akaongeza kwa sauti ya chini, "Kule utaambiwa si zangu. Wote wanasemaga hivyo."

Na kweli bwana.

"Si zangu, mwalimu," Dafroza alisema. "Huyu na zilizokwenda maji, zote za mtu. Kanipa nimtunzie, mimi napataga maziwa."

"Mtu gani?"

Dafroza alimtazama Matrida, akamtazama Baltazari aliyekuwa bado amekaa juu ya pikipiki yake, akarudisha macho chini. "Aliyekupa ng'ombe humtangazi, mwalimu. Ukimtangaza, kesho anakuja anaziswaga zote, na hakuna mwingine atakayekupa. Mwenyewe akitaka kujitaja, atajitaja."

"Mama Nyangi," Baltazari alisema kwa upole, "mwambie tu mwalimu ukweli, yaishe."

Mjane aligeuka, akaingia jikoni.

Iliuma, tusidanganyane. Matrida aliwahi kumlilia mwanamke huyu machozi mbele ya wafadhili. Alimpa kitenge chake mwenyewe. Kumbe siku zote hizo alikuwa anapakwa mafuta kwa mgongo wa chupa; mwalimu mzima, mvi kichwani, ameingizwa mjini akiwa kijijini. Dafroza alimletea kikombe cha maziwa kwa mikono miwili, kama anavyopewa mgeni. Matrida hakukipokea.

"Uza mmoja," alisema. "Mmoja tu, unamaliza kila kitu."

"Nikiuza ng'ombe wa mtu, mwalimu, hapa nitakaa na nani?"

Matrida alitoa simu, akampigia katibu wa kikundi, na akasema kwa sauti ili mjane asikie vizuri: nafasi apewe Adventina, na pesa ya godoro na nauli itumwe leo hii hii. Alipokata simu, Dafroza alikuwa ameketi chini kwenye vumbi, kikombe bado mkononi.

"Tuwahi, mwalimu," Baltazari alisema, akipiga kiki. "Mvua itatukuta."

Matrida aliangalia juu. Hakuona wingu la maana, lakini alipanda. Moyo wake ulikuwa mzito, na ukweli ni kwamba alitaka kuwa mbali na boma lile. Alimshika Baltazari mabegani na kujiambia kwamba, afadhali, bado kuna watu wa kuaminika duniani.

Hawakufika mbali. Kwenye njia nyembamba inayotoka ziwani walikutana na ng'ombe wanarudi kunywa maji, wamejaa kutoka ua wa mnyaa upande huu hadi ule wa pili, wanono, ngozi zinang'aa. Nyuma yao alikuja Nyangi na fimbo, akiimba. Baltazari alijaribu kugeuza pikipiki, njia ikakataa. Matrida alimwona binti yule akitabasamu. Atamwambia nini?

Ng'ombe mmoja mwekundu aliacha wenzake, akaja moja kwa moja, akaanza kuulamba mkono wa Baltazari. Baltazari alimsukuma.

"Shikamoo mwalimu," Nyangi alisema, akipiga goti kidogo. Kisha akamgeukia aliyeshika usukani, uso umejaa furaha.

"Shikamoo Baba Adventina. Afadhali umekuja. Huyu amezaa, na mama amekataa tusimwite ndama jina lolote mpaka umpe wewe."