Kicheche Ahamia Mji Mdogo

Palikuwa na Kicheche, mwizi wa kuku, aliyechoshwa na jiji: kila banda kufuli, kila kona mlinzi. Akahamia mji mdogo, ambako milango hufungwa kwa kamba tu. "Hapa nitanenepa!" akajisemea.

Jioni akatoka kumwinda Bi Tembe, kuku mwenye vifaranga kumi. Kobe akamsimamisha njiani. "Mgeni wetu, hujambo? Wapi safari?"

"Kumjulia hali Bi Tembe," akadanganya.

Mbuzi naye akauliza, akajibiwa hivyo hivyo. Bata akamhoji mpaka jina la babu yake, kisha akakatiza uani mbio.

Kicheche alipofika, mlango ulikuwa wazi na chai imeshamiminwa.

"Karibu, mwanangu," alisema Bi Tembe. "Nimeambiwa unakuja kunijulia hali. Kaa hapo, katikati ya Mbwa na mkewe."