Maji Baridi Yalipopanda

Samaki walielea matumbo juu katika vizimba vyote. Mama alipiga magoti ukingoni, akiwageuza mmoja mmoja kana kwamba wamelala tu.

Binti yake, mtafiti wa bahari, alisimama nyuma yake. Pepo za msimu zikigeuka, maji baridi yasiyo na hewa hupanda kutoka kilindini. Safari hii alipima akakuta yamekaribia vizimba, akamsihi kaka yake apandishe nyavu za vizimba karibu na uso wa maji. Kaka akacheka. "Dada, bahari haisomewi darasani."

Sasa kaka huyohuyo alimnyooshea kidole. "Mama, huyu alijua! Akaninyamazia!"

Mama aligeuka. Shamba la marehemu baba liliuzwa ili vizimba hivyo vinunuliwe.

"Ulijua, mwanangu?"

Binti alimtazama kaka yake, naye akakwepesha macho. Shamba limekwenda, samaki wamekwenda. Mama akimpoteza na huyu mwana anayemtegemea, atabaki na nini?

Binti akamgeukia Mama. "Nilijua, Mama. Nikasahau kumwambia."

Mama alijipangusa magamba kwenye kanga, akampita kama asiyemjua, akaenda kumkumbatia mwanawe.