Vifungo vya Mzee Ngwale

Kila Jumatano, kabla ya dripu, muuguzi Tunsume aliwauliza wagonjwa wa saratani ya utumbo mpana maswali yale yale ya utafiti kuhusu madhara ya dawa, wajibu kuanzia sifuri, yaani hakuna, hadi kumi. Mzee Ngwale, fundi cherehani, kila kitu kwake kilikuwa sifuri.

"Kichefuchefu?"

"Sifuri."

"Ganzi ya vidole?"

"Sifuri, mwanangu. Andika twende."

Tunsume aliinua macho. Shati la mzee lilikuwa limefungwa kombo, kifungo cha pili kimeingia tundu la tatu. Na huyu ndiye aliyeshona sare za nusu ya mji, hata hilo gauni jeupe alilovaa Tunsume mwenyewe.

Akaweka kalamu chini. "Baba, nani kakwambia ukisema kweli tutakukatishia dawa? Daktari anaweza kupunguza dozi tu."

Mzee aliitazama dripu ya jirani ikidondoka.

"Sindano ya kushonea nikiishika siisikii," alisema mwishowe. "Andika tisa."

Tunsume hakuandika papo hapo. Alisogea, akavifungua vile vifungo vyote, akaanza upya kimoja kimoja. Alipofika shingoni, mzee aliinua kidevu bila kuambiwa, kama alivyowaagiza wateja wake miaka yote akiwapima shingo.