Chepe na Lundo la Ukoo

Zamani hizo, wanyama walipokuwa bado wakiwaogopa mama wakwe, Digidigi alikuwa na mtoto, Chepe, aliyekataa katakata kwenda haja kwenye lundo la ukoo, lile la mavi ambako digidigi wote hujisaidia.

"Chepe mwanangu, nenda basi, bibi yako anakuja leo, ataona sijui kulea, atakuchukua!"

"Sitaki!"

Bibi akafika amebanwa na tumbo la safari. Hata hodi hakupiga, akachuchumaa nyuma ya kichaka.

"Bibi!" Chepe akafoka. "Hapo siyo! Huoni aibu? Njoo nikuoneshe!"

Akamkokota hadi lundoni, akachuchumaa mbele yake, akajikamua, akamaliza wa kwanza.

"Mkamwana," bibi akanong'ona, "umelea. Ila ya kichakani yaishie hapa hapa."

Digidigi akacheka, akacheka, mpaka naye akakimbilia lundoni.