Jina kwenye Karatasi ya Jani

Mtaalamu wa mimea alilibandika jani la kuzuia damu kwenye karatasi, akashika kalamu. "Dawa ikipatikana, kijiji cha aliyetufundisha jani hili kitapata fungu la faida. Niandike Mzee Lukogo?"

Lukogo akapapasa kovu la pajani. "Andika Bwira, wa ng'ambo ya mto."

"Unawapa maadui fungu letu?" mkewe akang'aka.

"Ndiye aliyenipiga risasi vitani, mama watoto. Kisha akalitafuna jani hili, akanibandika, huku akinitukana mpaka damu ikakata."

Majirani waliokuwa wakitazama wakaangua kicheko. Lukogo akamkamata jogoo wake mnono, maana habari njema haipelekwi mikono mitupu, akaingia mtoni, ambako hakuna aliyevuka tangu vita. Katikati ya maji jogoo akawika. Ng'ambo, mwingine akaitikia.