Ule Kama Mtu

Khoát alilimeza paja la tatu la kuku karibu zima zima, machozi yakamlenga, akatabasamu. Mkewe, Nhị, alimfinya chini ya meza.

"Kula!"

Tangu alfajiri alikuwa akimchamba. "Leo ule kama mtu, tafadhali! Hao wakwe wa Yên Bái wakikuona ulivyokondeana, halafu unadonoadonoa wali, watajua tu. Wakijua baba mtu alikuwa mla unga, na kila asubuhi yuko kliniki kunywa methadoni, hiyo dawa ya kuachia unga, posa imekufa. Duyên utamwoza kwa nani?"

Maskini, Khoát hakuwa anadeka. Miaka tisa ya unga ilimharibia tumbo, na tangu aanze dawa hakutamani kitu ila sukari. Alikuwa akijificha jikoni na maziwa mazito ya kopo, akilamba kijiko, mtu mzima mwenye mvi. Nyama ikimshuka tu, tumbo linamgeuka. Lakini kwa binti yake Duyên angekula hata miguu ya meza.

Aliyekuwa akimwua ni Mzee Toản, baba wa bwana harusi, pande la mtu, mashavu yanang'aa. Kila Khoát akimaliza bakuli, Toản naye anamaliza.

"Wangu huyu hajui kusema nimeshiba," mke wa Toản alijigamba, akimjazia mumewe.

"Na wangu je!" Nhị akadakia bila haya, akamwekea Khoát mnofu wa nguruwe unaochuruzika mafuta. Na kilichowekwa bakulini mbele ya wageni hakirudishwi.

Khoát alimtazama mwenzake akitafuna huku jasho likimtiririka, akamwonea gere. Raha iliyoje, kuwa na tumbo zima!

"Na leo hamwendi popote," Nhị akasema. "Mlima umeporomoka, barabara imefungwa mpaka keshokutwa. Mtalala hapa hapa."

Toản akamtazama mkewe. Mkewe akaangalia bakuli lake.

"Tutashukuru," alisema yule mama, polepole.

Toản akanyanyuka, akauliza choo kiko wapi, akatoka. Khoát alijikaza akamaliza bakuli la nne. Nhị alipogeuka kumimina chai, Khoát naye akachomoka kwa mlango wa nyuma, kiganja mdomoni, mbio hadi nyuma ya banda la nguruwe.

Alikuta mtu ameinama pale, kashika ukuta, anatapika karamu yote. Ni Toản.

Lo! Khoát alitaka kuomba radhi, lakini badala ya maneno alimtoka yule kuku. Wakatapika bega kwa bega.

Walipotulia, Toản alimtazama kwa muda mrefu, kuanzia mashavu yaliyobonyea hadi mikono. Akajipangusa mdomo, akachungulia kama wake zao wanakuja, akanong'ona:

"Mzee mwenzangu, samahani. Hapa kwenu methadoni wanaanza kuigawa saa ngapi?"